Elijah Masinde wa Maeni: Imani Iliyomtia Kifungoni

 Kila mwaka katika kurasa hizi huandikwa maisha ya mtu mashuhuri. Tumesoma juu ya Shaaban Robert, tumesoma juu ya Mekatilili wa Menza, na juu ya Mandela tumesoma hadi wengine wetu twaweza kuyakariri maisha yake tukiwa usingizini. Hao ni magwiji, sikatai. Lakini mimi mwaka huu nimeonelea nisiende mbali. Nitaandika juu ya mtu wa hapa hapa kwetu. Jina lake likitajwa ndani ya matatu ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, utasikia abiria mmoja akicheka, mwingine akinyamaza kimya, na mzee mmoja kule nyuma akikohoa kama mtu anayetaka kuanza hadithi ndefu. Huyo ni Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa.

Kabla sijaendelea, hebu niondoe mkanganyiko. Wako wenzangu darasani ambao nikiwaambia naandika juu ya Masinde wanadhani ni yule wa chuo kikuu cha Kakamega. La! Yule ni Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992. Wote wawili ni Wabukusu na wote walikuwa na msimamo mkali, lakini mmoja alikuwa mtu wa bunge na mwingine alikuwa mtu wa maombi. Ninayemwandika ni wa maombi.

Sasa mtaniuliza, kwa nini huyo? Katika somo la Elimu ya Dini ya Kikristo tulifundishwa tangu kidato cha kwanza habari za imani ya Ibrahimu, kwamba imani ni kumtegemea Mungu kabisa, kukubali kwamba uwezo wake hauna mpinzani, halafu kuitika anapokuita hata kama hujui unakoelekea. Swali hilo hutoka sana katika mtihani. Tunaandika hoja sita, tunapata alama zetu, basi, tumemalizana na Ibrahimu. Mimi lakini nilibaki nikijiuliza: mtu wa kawaida wa Kimilili, anayelipa kodi na kulima mahindi, akiyachukua mafundisho hayo kama yalivyo, bila kupunguza chochote, itakuwaje kwake? Nadhani maisha ya Elijah Masinde ni jibu mojawapo, ingawa si jibu la kustarehesha.

Alizaliwa Maeni, karibu na Kimilili, kati ya mwaka 1910 na 1912 hivi. Siku hizo watoto hawakuandikiwa cheti cha kuzaliwa, kwa hivyo tarehe kamili haipo. Alikua chini ya Mlima Elgon, mlima ambao wazee wetu huuita Masaba. Akaingia shule ya misheni ya Kanisa la Marafiki, wale tunaowaita Frenzi, ambao walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902 na kutoka huko wakasambaa hadi nchi ya Wabukusu. Hapo ndipo alipopata kusoma na kuandika, na jina la Elijah.

Kabla hajawa mtu wa dini, alijulikana kwa miguu yake. Naam, alikuwa mchezaji wa kandanda, tena si mchezo! Aliiongoza timu ya Kimilili, na karibu mwaka 1930 akachaguliwa kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kombe hilo ndilo baba wa mashindano ya Afrika Mashariki tunayoyajua. Wale wa timu yetu ya shule wanaodhani mchezaji hawezi kuwa mtu wa fikra, jibu hilo hapo. Baadaye alipata kazi katika baraza la mahakama ya wenyeji pale Kimilili, kazi ya kuwapelekea watu hati za kuwaita kortini. Mtu aliyesoma, mwenye kazi ya serikali, mwenye jina uwanjani! Angekaa hivyo hivyo angezeeka kwa raha zake.

Lakini mambo mawili yalimsumbua. La kwanza lilikuwa kanisa, la pili lilikuwa shamba.

Nianze na kanisa. Masinde alioa mke wa pili, na Frenzi hawakukubali mambo hayo. Wakamtoa ushirikani. Jambo hili liliwapata wengi siku hizo, na wengi walinung'unika tu wakanyamaza. Nyumbani walijiuliza: Ibrahimu huyu tunayefundishwa alikuwa na Sara na Hajiri, Yakobo alikuwa na Lea na Raheli, na Mungu hakuwafukuza. Imekuwaje sisi tufukuzwe? Walimu wetu wa dini wanaweza kujibu hoja hiyo, nami sitaingia katika ubishi huo hapa. Muhimu ni kwamba Masinde hakutoka kanisani akawa mtu asiyeamini. Alitoka akarudi kwa Wele.

Kwa wale wasiotoka pande hizi, Wele ndilo jina la Mungu kwa Kibukusu. Huitwa Wele Khakaba, yaani Mungu mgawaji, anayempa kila mtu fungu lake. Wabukusu walimjua kabla mzungu yeyote hajavuka mto Nzoia. Walimwomba alfajiri, walimtolea sadaka, na wakawakumbuka waliotangulia, ambao roho zao ndizo zinazoitwa misambwa. Kwa Kibukusu chenyewe ni kumusambwa, na wakiwa wengi kimisambwa. Masinde na wenzake walilichukua neno hilo wakalifunga pamoja na neno la Kiswahili wakapata Dini ya Msambwa. Sisi wa Chama cha Kiswahili tulitambue hilo: walipotaka jina ambalo Mbukusu, Mpokot, Msabaoti na Mgisu wote wataelewa, Kiswahili ndicho kilichowafaa.

Mafundisho yenyewe hayakuwa magumu. Wele ni mmoja na yuko juu ya kila mamlaka, juu ya chifu, juu ya DC, juu ya mfalme wa Uingereza. Anasikia maombi kwa lugha yetu. Hakutupa ardhi hii kwa makosa, na mtu hana ruhusa ya kuichukua. Mlima Masaba ni mahali patakatifu kama vile Sayuni ilivyo kwa Wayahudi. Ukiyasoma haraka utaona ni maneno ya kawaida ya ibada. Serikali ya kikoloni haikuyaona hivyo, na ili tuelewe ni kwa nini, lazima tupande hadi Kitale.

Trans Nzoia yote, kutoka Kiminini hadi Cherangani, ilikuwa imegawiwa walowezi, wengi wao askari wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ilifika Kitale katikati ya miaka ya 1920, na mahindi yakaanza kusafirishwa. Watu weusi waliokaa katika mashamba hayo waliitwa maskwota. Mtu alikuwa akikaa na familia yake na ng'ombe wake katika shamba la mzungu, na kwa malipo ya kukaa hapo alifanya kazi siku 180 kwa mwaka. Mwanzoni walowezi wenyewe ndio waliokuwa wakiwatafuta watu, maana ardhi ilikuwa kubwa na mikono haba. Halafu mambo yakabadilika. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi wa kila wilaya uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo ya skwota. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaikaza kweli kweli. Skwota akaambiwa auze ng'ombe, ama aondoke. Aende wapi? Arudi Bungoma, ambako ndugu zake walikuwa wamebanana tayari.

Fikirieni Mbukusu kuambiwa auze ng'ombe! Ni mahari ya mwanawe, ni sadaka yake, ni heshima yake mbele ya watu. Hapo ndipo maneno ya Masinde yalipopata masikio. Wafanyakazi wa mashamba ya Kitale waliyachukua wakayapeleka kutoka kambi moja hadi nyingine, usiku, baada ya kazi. Wengine wakayavusha hadi kwa Wapokot kule juu, na wengine hadi Uganda upande wa pili wa mlima. Mkoloni akashtuka, kwa sababu shamba lisilo na kibarua ni nyasi tu.

Masinde mwenyewe alikuwa ameanza kupinga mwaka 1944. Vita vilikuwa vinaendelea, na serikali ilitaka vijana wa kwenda jeshini, ilitaka kazi za lazima, na ilitaka watu waling'oe gugu moja la maua ya manjano na harufu kali lililokuwa limevamia mashamba. Gugu hilo mtalijua, mpaka leo limejaa nyuma ya mabweni yetu. Masinde akakataa. Alikataa kulima kwa amri, akakataa kuandikisha watu, na waliokuja kumlazimisha walirudi walikotoka wakiwa wamesukumwasukumwa. Hakuwa mpole, hilo nilisema wazi. Mwaka 1945 akafungwa.

Kilichofuata ndicho kinachonishangaza kuliko yote. Wakubwa walimtazama mtu huyu anayesema kwamba Mungu yuko juu ya serikali na kwamba wazungu watarudi kwao, wakaamua kwamba huyo ni mwendawazimu. Wakampeleka Nairobi, katika Hospitali ya Mathari. Alikaa huko hadi mwezi wa Mei 1947. Kama kuamini kwamba utawala wa kikoloni utakwisha kulikuwa wazimu, basi huo wazimu ulitimia miaka 16 baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, bendera ikapandishwa na wenye akili zao wote wakapiga makofi. Najua mtu anaweza kusema kwamba si kila anayedai kusikia sauti ya Mungu ni nabii. Ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba kumwita mtu mwendawazimu ni njia rahisi ya kutomjibu.

Alipotoka Mathari, wengi walidhani atakuwa ameogopa. Miezi michache tu ikapita, na mwezi wa Septemba 1947 akawaongoza maelfu ya watu kwenda Chetambe. Ukitoka Kitale ukapita Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, utakapokaribia Webuye utaviona vilima hivyo. Huko ndiko Wabukusu walikojikinga ndani ya boma la udongo lenye handaki, na mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Hobley, yakiwa na askari Wasudani na wasaidizi kutoka makabila mengine, yakalivamia kwa bunduki za Maxim. Mamia ya watu waliuawa. Kwa miaka 52 hakukuwa na kumbukumbu ya maana kwa ajili yao. Masinde akawapeleka watu pale, wakawalilia waliokufa, wakatoa sadaka, wakamwomba Wele. Mimi nikisoma habari hii naona hekima kubwa. Mtu hawezi kumwomba Mungu kwa moyo wote wakati jeraha lake la zamani halijaoshwa.

Basi serikali ikaanza kumtafuta tena. Akajificha, wafuasi wakamficha, na mambo yakachemka hadi mwezi wa Februari 1948. Siku chache kabla ya tukio lenyewe, kundi la wafuasi lilikwenda katika misheni moja ya Wakatoliki likiwataka wamisheni waondoke. Halafu tarehe 10 Februari umati ukakusanyika Malakisi. Polisi walikuwa pale. Wakafyatua risasi. Watu 11 walikufa palepale Malakisi na wengine wakajeruhiwa.

Ukienda Malakisi leo utaona soko, boda boda na watu wakifanya shughuli zao. Watu 11 si wengi ukilinganisha na vita vikubwa tunavyosoma katika historia, lakini kila mmoja wao alitoka nyumbani asubuhi hiyo akiamini kwamba Wele yuko pamoja naye. Hapa ndipo somo letu la imani linapokuwa gumu. Je, walikosea kuamini?

Miaka miwili baadaye jambo hilo lilitokea tena, kubwa zaidi. Lukas Pkiech, Mpokot aliyekuwa ameingia katika Dini ya Msambwa, alikuwa ametoroka gerezani akarudi kwa watu wake. Tarehe 24 Aprili 1950, kule Kolloa, Baringo, yeye na wafuasi wake mamia kadhaa walikabiliana na maafisa na polisi. Wapokot 29 waliuawa, Pkiech mwenyewe akiwemo, na upande wa serikali wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika. Husimuliwa kwamba baadhi ya wafuasi waliamini risasi hazitawadhuru. Mkikumbuka mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein mtaona habari hii si ngeni. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kule Tanganyika, watu walipakwa maji wakaamini risasi zitageuka, nazo hazikugeuka.

Bibi yangu, ambaye ni Frenzi wa tangu kuzaliwa na hakosi kanisani hata mvua inyeshe, husema kwamba kumwamini Mungu ni kitu kimoja, na kumjaribu ni kitu kingine. Nakubaliana naye nusu. Dawa ya kuzuia risasi ni kama kufanya mkataba na Mungu: mimi nitafanya hivi, na Wewe ni lazima ufanye vile. Ibrahimu hakupewa mkataba wa namna hiyo. Lakini nusu nyingine sikubaliani na bibi, shikamoo yake. Maana watu wa Malakisi hawakuwa na mahali pengine pa kupeleka malalamiko yao. Chifu alikuwa wa serikali, hakimu alikuwa wa serikali, na mchungaji naye aliwaambia wawe watiifu. Alibaki Wele peke yake. Mtu aliyebakiwa na Mungu peke yake, sidhani ni haki sisi tulioketi darasani na sweta zetu tumwambie amemjaribu.

Turudi kwa Masinde. Wiki hiyo hiyo ya Malakisi ilipoisha alikamatwa, Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwaka huo wa 1948, naye na wenzake wakuu wakahamishwa. Masinde akapelekwa Lamu. Mtu wa mlimani, aliyezoea baridi ya Maeni na ukungu wa asubuhi, akatupwa kisiwani zaidi ya kilomita 700 kutoka kwao, kwenye joto, minazi na bahari ambayo maji yake hayanyweki. Alikaa huko karibu miaka 13.

Katika maisha yake yote mimi naona miaka hii ndiyo mizito zaidi, na ndiyo inayosimuliwa kidogo zaidi, kwa kuwa haina vurugu wala risasi. Kukataa amri mbele ya umati kunahitaji ushujaa, ndiyo, lakini umati wenyewe unakutia nguvu. Kisiwani hakukuwa na umati. Mlima aliozoea kuuelekea akiomba haukuonekana. Habari za nyumbani zilifika kwa nadra. Wafuasi wengine walikuwa wamefungwa, wengine wamerudi makanisani. Siku zikapita, Krismasi 13 zikapita, na Wele hakutuma malaika kufungua mlango. Kule Kongo, Simon Kimbangu alikuwa amefungwa tangu mwaka 1921 kwa sababu ya mahubiri yake, na mwaka 1951, wakati Masinde yuko Lamu, akafia gerezani baada ya miaka 30 bila kuonja uhuru. Masinde angeweza kufa vile vile. Njia ya kupunguziwa ilikuwepo kwa yeyote aliyekubali kuyakana aliyoyasema. Masinde alipotoka mwaka 1961 alikuwa yule yule.

Hapa kuna jambo dogo la kupendeza. Jomo Kenyatta alishtakiwa Kapenguria kuanzia mwisho wa mwaka 1952, na kwa kuwa Kapenguria haikuwa na hoteli, mawakili wake walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda kortini. Naye Kenyatta aliachiliwa mwaka 1961. Kwa hivyo wafungwa wawili wakubwa ambao mkoloni aliwaogopa walirudi nyumbani mwaka mmoja. Ungedhani watakuwa marafiki.

Haikuwa hivyo. Baada ya uhuru Dini ya Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964, watu wakashangilia. Lakini Masinde hakujua kunyamaza. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa ikitoka mikononi mwa walowezi, na skwota aliyeilima kwa jasho miaka 30 akaona ikienda kwa mwenye pesa za kuinunua. Masinde alisema wazi kwamba huo si uhuru aliouombea. Akashikwa tena. Mwaka 1968 dini yake ikapigwa marufuku kwa mara ya pili, safari hii na serikali ya wananchi. Akawa mtu wa kuingia gerezani na kutoka. Ni mwaka 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kushika uongozi, ndipo alipoachiliwa, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 65.

Wako watu wanaosema kwamba hapo ndipo ilipodhihirika Masinde alikuwa mkaidi tu, mtu wa kupinga kila kitu. Alimpinga mzungu, akampinga mwafrika, angempinga hata nani. Mimi naliona kinyume. Kama angempinga mzungu peke yake, tungesema alikuwa mwanasiasa aliyejivika kanzu ya dini. Kule kukataa kuinama hata kwa serikali ya watu wake kunanionyesha kwamba lile neno la kwamba Wele yuko juu ya kila mamlaka alilimaanisha tangu mwanzo. Kila mtu hupenda Mungu awe juu ya adui yake. Kumweka juu ya rafiki zako ndiko kugumu.

Hata hivyo sitaki mfikiri nimeandika juu ya malaika. Katika jina la Dini ya Msambwa makanisa na shule zilichomwa, na watu ambao hawakuwa na kosa zaidi ya kuwa wakristo walitishwa hadi wakalala vichakani. Wabukusu wenzao! Bibi anasema watoto walifundishwa kukimbia wakiona mkusanyiko. Masinde alikuwa mkali wa ulimi na mwepesi wa mkono, na wafuasi waliochukua ukali wake walikuwa wengi kuliko waliochukua uvumilivu wake wa Lamu. Mimi naona hatari moja inamnyemelea kila mtu mwenye imani kubwa. Anaanza kwa kusema uwezo wote ni wa Mungu, na polepole, bila kujua, anaanza kuutumia uwezo huo kama kwamba ameazimwa yeye. Mchoma kanisa alijiona anafanya kazi ya Wele. Je, alimwuliza Wele?

Siku hizi jina lake limekuwa mali ya wanasiasa. Kila uchaguzi ukikaribia utasikia mtu jukwaani Bungoma au Kitale akidai kwamba Masinde alitabiri hivi na vile, na ajabu ni kwamba utabiri wenyewe huwa unamfaa yeye anayeusimulia. Watu wanapiga makofi, wanapewa unga, wanaenda nyumbani. Mtu aliyefungwa na serikali mbili tofauti kwa kukataa kumnyenyekea mkubwa yeyote, leo ndiye anayetumiwa kuwaombea wakubwa kura. Angelisikia hilo, sijui kama makofi tu yangetosha.

Elijah Masinde alifariki mwezi wa Juni 1987. Hakuacha shamba kubwa Trans Nzoia. Wafuasi wake hawajaisha, ingawa ni wachache; wako Kimilili na vijiji vya jirani, na wengine wako upande wetu huu wa Kitale, wajukuu wa wale maskwota waliosambaza maneno yake usiku kambini. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Masaba unaonekana vizuri kutoka uwanja wetu wa gwaride, na wao wakati huo huwa wamekwisha kuuelekea na kuomba.